Kutoka rejista hadi KHIS: mwongozo kamili wa data kubwa na sera za kazi kwenye kituo cha afya

Tarehe 4 ya mwezi, saa kumi jioni, ingia chumba cha rekodi cha kituo chochote cha afya kati ya Ahero na Awasi, Kisumu. Utakuta mtu ameinamia rejista ya wagonjwa wa nje ya Wizara ya Afya, MOH 204, kalamu mkononi, akipiga vijiti vitano vitano. Kesho ripoti inatakiwa kaunti ndogo. Pembeni kuna chai iliyopoa na simu inayoita. Akifika ukurasa wa tarehe 17 anakwama: hii ni tatu ama ni nane? Aliyeandika alikuwa zamu ya usiku, sasa amelala. Anaitazama tena, anaamua ni tatu, anaendelea.

Hiyo tatu ndiyo data kubwa. Kesho itajumlishwa na wenzake, itaingizwa KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, itachanganyika na tarakimu za vituo maelfu vya nchi hii, kisha mtu aliye Afya House, makao ya Wizara ya Afya Nairobi, ataiona kama ncha ya grafu anapoamua dawa za malaria ziende wapi. Kama ilikuwa nane, hakuna kompyuta itakayomwambia.

Nimefanya kazi ya rekodi upande huu wa Ziwa Victoria kwa muda wa kutosha kuona vituo vikiletewa kompyuta mpya, tableti, hata seva yenye chumba chake cha baridi, ilhali hakuna aliyewahi kuketi na wenzake wakakubaliana nani aandike nini, nani aruhusiwe kukiona, na mtu akikosea afanyiwe nini. Makubaliano hayo ndiyo sera. Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kituo, muuguzi mkuu au afisa wa rekodi wa zahanati, kituo cha afya au hospitali ndogo ya kaunti, awe Seme, Vihiga, Siaya au Njoro. Unahitaji wiki tatu hivi, ukuta wa kubandika karatasi, na msimamizi aliye tayari kusikia habari asizozipenda. Pesa hazihitajiki nyingi.

Kwanza, jina lisikutishe

Data kubwa si lazima iwe kitu cha kampuni za ng'ambo. Eneo letu lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ndiyo iliyozaa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa, kuanzia 2004, na juu ya OpenMRS ndipo ilipojengwa KenyaEMR inayotumika kwenye kliniki nyingi za HIV. KHIS nayo imejengwa juu ya DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka wa 2011. Mwaka wa 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa vifaa na simu za kuingizia taarifa za nyumba kwa nyumba. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, madai ya malipo yamekuwa kijito kingine cha data.

Kwa hiyo mtoto mmoja wa Nyalenda anayeamka na homa anaweza kuwa ndani ya mifumo mitatu au minne kabla ya jua kutua. Hapo ukubwa ni wingi wa watu, kasi ya taarifa na aina zake nyingi zinazopaswa kuoana. Mara nyingi hazioani, nasi tutarudi hapo.

Hatua ya 1: Fuata karatasi moja kutoka langoni

Usianze kwa kuandika sera. Chukua siku moja, Jumatatu ikiwezekana kwa sababu ndiyo siku chafu, na ufuate mgonjwa mmoja (kwa ruhusa yake) tangu anapoingia hadi anapotoka na dawa. Kisha ufuate taarifa zake baada ya yeye kwenda nyumbani. Kila kituo cha safari andika mambo matatu: nani ameishika taarifa, ameiandika wapi, na usiku italala wapi.

Tuseme ni mtoto wa miaka mitatu, amebebwa na nyanya yake. Mezani pa kadi anaandikwa jina na kijiji. Mezani pa uzito anaandikwa kilo na joto la mwili. Daktari (afisa wa kliniki, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari) anamwandika kwenye rejista ya walio chini ya miaka mitano. Maabara inamwandika kwake. Famasi inamwandika kwake. Huo ni mwandiko wa watu watano, na nyanya ametaja umri mara mbili kwa namna mbili tofauti: mezani pa kadi alisema "anakaribia mitatu", kwa daktari akasema "ametimiza mitatu".

Jioni ndipo utakapoyaona yasiyoandikwa kwenye mchoro wowote wa ofisi. Utagundua muuguzi wa usiku ana kaunta buku yake binafsi anayoiandikia kwanza, kisha ananakili kwenye rejista asubuhi akiwa na usingizi. Utagundua kuna kundi la WhatsApp la zamu. Utagundua flashi moja inayozunguka kutoka kompyuta ya kliniki ya mama na mtoto hadi ya maabara, hakuna ajuaye iliingia lini. Usimkemee yeyote. Yaandike tu. Kila njia ya mkato imezaliwa na shida ya kweli, na ukiifunga bila kuitatua shida, kesho itafunguka mahali pengine usipopaona.

Muulize na mlinzi, na mama anayesafisha. Mlinzi anajua ni nani huondoka na rejista jioni kwenda kuimalizia nyumbani. Anayesafisha anajua karatasi zipi huchomwa na zipi huchukuliwa. Mimi niliwahi kununua njugu steji, nikamaliza, nikaikunjua ile karatasi kuifuta mikono, na mbele ya macho yangu kukawa na jina la mtu, umri, na matokeo ya maabara. Sitataja yalikuwa ya kituo gani. Nilisimama pale nikiitazama hadi matatu yangu ikaniacha.

Hatua ya 2: Ijue sheria, lakini usiishie hapo

Hapa nitapita haraka, maana kuna watu wakishasoma sheria hudhani kazi imekwisha.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti, pamoja na alama za vidole, ndoa, na hata majina ya watoto wa mtu. Inataka data za afya zishughulikiwe chini ya mtoa huduma ya afya au mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Hali ya HIV ina ulinzi wake wa ziada tangu sheria ya 2006. Halafu kuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, iliyotiwa saini mwezi Oktoba mwaka huo pamoja na ile ya bima ya afya ya jamii.

La kufanya sasa ni usajili. Kanuni za 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wadogo wasijisajili kwa Kamishna wa Data, lakini anayetoa matibabu hasamehewi hata awe na kliniki ya chumba kimoja Kondele. Cheti hudumu miezi 24. Kama kituo ni cha kaunti, iulize idara ya afya kwa barua kama usajili wake unawafunika ninyi pia, na jibu mlitunze. Msidhani tu.

Hatua ya 3: Andika sera ya ukurasa mmoja

Nimeona sera za kurasa 40 zenye nembo nzuri, zikiwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko kwa mtu aliyehamia Homa Bay. Sera inayofanya kazi ni ile muuguzi anaweza kuisoma akisubiri maji yachemke. Nakupa vifungu vyangu; chukua, badilisha, acha usivyovitaka.

*"Kila mtu anaingia kwenye mfumo kwa akaunti yake. Hakuna nenosiri la idara."* Kwenye vituo vingi nenosiri limebandikwa kwenye skrini kwa plasta ya kidonda. Ukifungua kumbukumbu za mfumo unakuta muuguzi mmoja amefanya kazi saa 24 kwa siku 30 mfululizo, na siku nne kati ya hizo alikuwa likizo. Hapo hata ukitaka kujua nani alibadilisha matokeo ya mgonjwa, huwezi. Lakini kifungu hiki kina deni lake: lazima awepo mtu wa kufungua akaunti mpya Jumatatu saa mbili asubuhi, lokamu (mfanyakazi wa muda) anapofika na foleni imefika langoni. Asipokuwepo, lokamu atapewa nenosiri la mwenzake, na kweli utamlaumu nani? Wanafunzi walio kwenye atachimenti wapewe akaunti zenye tarehe ya kufa.

*"Rejista na skrini yenye majina haipigwi picha."* Hiki ndicho kitakacholeta kelele mkutanoni, na kelele hizo zina haki. Watu hupiga picha kwa sababu wanataka kumuuliza mwenzao aliye nyumbani, au kwa sababu kaunti ndogo imeomba takwimu sasa hivi na rejista haina miguu. Najua kituo ambako picha ya ukurasa wa kliniki ilitumwa kundini usiku, kwa nia njema kabisa, na simu ya mmoja wao ikawa mikononi mwa kijana wake anayecheza gemu. Kufikia Ijumaa mama mmoja alikuwa ameacha kuja kuchukua dawa. Alipotafutwa alisema amehamia kwa dada yake. Kwa hiyo usikataze tu, toa mbadala. Mtu apige simu, ataje namba ya mgonjwa, asitaje jina. Kaunti ndogo ikitaka takwimu, itumiwe jumla, maana jumla haina jina.

*"Aliyekosea hukata mstari mmoja, huandika iliyo sahihi, hutia saini na tarehe. Haulizwi kwa nini."* Hapa lazima nikiri langu. Mwaka wangu wa pili kazini niliingiza 412 mahali pa 142 kwenye ripoti ya watoto. Kosa nililigundua mwenyewe siku kumi baadaye. Nilinyamaza. Aliyenitangulia kwenye kiti kile alikuwa amepewa barua ya onyo kwa kosa dogo kuliko langu, na barua ile kila mtu aliiona. Mratibu wa malaria akapiga simu: "Ndugu yangu, huko kwenu kumeingia nini?" Nikasema nitaangalia. Wakatuma gari na watu watatu kutafuta mlipuko usiokuwepo. Mafuta, posho, siku nzima ya kazi. Tarakimu ilisahihishwa baada ya miezi mitatu, kimyakimya, na nimekuwa mtu wa kifungu hiki tangu siku hiyo. Ukimpiga mtu kwa tarakimu mbaya atakuletea nzuri, na hutajua tena ni ipi iliyopikwa.

*"Flashi ya nje haichomekwi. Mgeni hashiki kompyuta bila mwenyeji wake kuketi kando."* Hiki hakihitaji maelezo, ila mgeni hapa ni pamoja na wafadhili. Wafadhili ndio wageni wagumu zaidi kuwakatalia.

*"Anayehama hufungiwa akaunti siku yake ya mwisho, kabla ya chai ya kumuaga."* Chai ikinyweka kwanza, hakuna atakayekumbuka.

*"Stima ikipotea zaidi ya dakika 15, fomu za karatasi zinaanza. Ikirudi, karatasi zinaingizwa ndani ya saa 24 na aliyeziandika mwenyewe."* Weka fomu hizo kwenye bahasha nyekundu kila chumba. Maneno "na aliyeziandika mwenyewe" ndiyo ya maana. Mtu mwingine akiziingiza tunarudi kwenye tatu na nane.

Adhabu zipo, lakini zitenganishe. Kukosea ni kosa la kazi, dawa yake ni kusahihisha. Uzembe unaorudiwa una mazungumzo, halafu onyo. Kufungua faili ya jirani, mpenzi wa zamani au mke mwenza kwa udadisi, huku hakuna kazi iliyokupeleka huko, ni jambo zito tangu mara ya kwanza, na liandikwe hivyo wazi ili asitokee wa kusema hakujua. Mji wetu ni mdogo, mfanyakazi na mgonjwa husali kanisa moja.

Peleka rasimu kwenye mkutano wa wote. Soma kifungu kimoja kimoja kwa sauti, uliza: siku ya foleni, hiki kitashikika? Kisichoshikika kifute au kibadilishe palepale. Kisha wote watie saini, msimamizi akiwa wa kwanza.

Hatua ya 4: Acha tarakimu tatu zigongane

Sasa tuiguse data yenyewe. Tarehe 3 ya kila mwezi, kabla ripoti haijatoka, waite watu watatu kwa dakika 40: wa rekodi, wa maabara, wa famasi. Kila mmoja aje na fomu yake: MOH 705 (A ya watoto chini ya miaka mitano, B ya wengine), MOH 706 ya maabara, na MOH 743 ya dawa na vipimo vya malaria. Nimechagua malaria kwa sababu ndiyo mkate wetu huku ziwani. Huko Molo mnaweza kuchagua nimonia au presha.

Tuseme maabara inasema malaria iliyothibitishwa ni 186. Rejista za daktari zinasema 241. Famasi imetoa dozi 238. Mtu wa haraka atasema famasi na daktari wanaelewana, basi maabara imekosea, aiandike 241. Usikubali. Hizo 55 zilizozidi zina habari. Huenda daktari anatumia kipimo cha haraka chumbani mwake na matokeo hayafiki kitabu cha maabara; hesabu vipimo vilivyotumika kwenye MOH 743 utajua. Huenda watu wanatibiwa kwa macho bila kupimwa, nalo ni jambo la matibabu, si la rekodi. Huenda dozi nyingine walipewa wahamasishaji wa jamii, wanaopima na kutibu malaria vijijini kwa dawa kutoka kwako, na wagonjwa wao hawapo kwenye rejista yako hata kidogo.

Kuna na hili, ambalo wageni hawalijui. Dawa ya malaria ya AL huja kwa pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kulingana na uzito wa mgonjwa. Pakiti za 6 za watoto wadogo zikiisha, muuguzi hukata pakiti ya 24 mara nne, watoto wanne wanapona. Vitabuni imetoka pakiti moja. Kama famasi inahesabu pakiti na daktari anahesabu watoto, hamtaonana hata mkikesha. Kubalianeni: kitu kinachohesabiwa ni mgonjwa aliyepewa dozi, na ukataji wa pakiti uwe na safu yake.

Mkishaelewana, rudieni kuhesabu ukurasa mmoja mmoja wa ripoti iliyopita kutoka kwenye rejista. Gawanya mlichohesabu kwa kilichoripotiwa. Mimi huridhika tofauti ikiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini. Ikizidi, tafuta wiki iliyoharibika. Kwa kawaida ni wiki moja, na kwa kawaida kuna mtu alikuwa matanga.

Hatua ya 5: Isome kabla hujaituma juu

Ubaya wa mfumo wetu ni kwamba data hupanda, haishuki. Kituo hutuma miaka kumi bila kuitazama mara moja. Ila akaunti ya KHIS inakuruhusu kuchora grafu za kituo chako mwenyewe, na hata bila hiyo, karatasi ya miraba na kalamu ya rangi zinatosha.

Jaribu hivi. Chukua malaria iliyothibitishwa ya mwezi Julai kwa miaka mitano iliyopita, tuseme 210, 180, 265, 240 na 320. Zipange kutoka ndogo: 180, 210, 240, 265, 320. Ya katikati, 240, ndiyo Julai ya kawaida. Ya pili kutoka juu, 265, ndiyo mstari wa tahadhari. Fanya hivyo kwa miezi yote 12 na unayo mistari miwili ukutani. Kila mwezi weka nukta ya mwaka huu. Nukta ikiruka juu ya mstari wa tahadhari, usingoje kupigiwa simu: angalia akiba ya dawa na vipimo, waulize wahamasishaji kuna nini kijijini. Ila mwaka uliokuwa na mlipuko uutoe kwanza kwenye hesabu, la sivyo utakuzoesha kuona mafuriko ya Nyando kama hali ya kawaida. Mwezi ambao vipimo viliisha utoe pia. Sifuri ya kukosa vipimo si sifuri ya kukosa malaria.

Hatua ya 6: Rota ya zamu

Hapa ndipo data na sera ya kazi hulala kitanda kimoja, na ndipo wafanyakazi huanza kuamini kwamba tarakimu zinaweza kuwasaidia wao pia.

Kama una mfumo wa kompyuta, kila mgonjwa ana saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kama huna, weka karatasi mezani pa uzito kwa wiki mbili, safu saba za siku, mistari ya saa, kijiti kimoja kwa kila kichwa. Utaona umbo la wiki yako. Penye kliniki ya watoto na siku ya soko kwa pamoja, Jumatatu hadi saa tano asubuhi ni vita, halafu saa nane mchana wauguzi watatu wanatazamana. Karibu na mashamba ya maua ya Naivasha umbo ni jingine, kwani watu huja zamu ikitoka. Kwa hiyo usiige rota ya mtu.

Sogeza mtu mmoja tu kwanza. Aanze saa moja asubuhi, atoke mapema. Pima tena muda wa kusubiri baada ya mwezi. Sera ya rota iwe na mambo machache: ibandikwe wiki mbili kabla, mtu akibadilishana zamu iandikwe na wote wawili, na kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, jambo ambalo Sheria ya Ajira ya 2007 inalidai kwa vyovyote. Grafu ikisema unahitaji watu zaidi ya ulio nao, grafu hiyo ipeleke kaunti. Ni hoja nzito kuliko malalamiko, ingawa sitakudanganya kwamba italeta muuguzi mwezi ujao.

Na tafadhali, usitumie data hiyohiyo kupanga majina ya wauguzi kwa idadi ya wagonjwa waliohudumia. Nimeona orodha kama hiyo ikibandikwa. Sista aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyeachiwa wajawazito wenye presha, mgonjwa mmoja nusu saa. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa akiandika kasi, na mwandiko wake ndio ule wa tatu na nane.

Mashine ya kuweka kidole asubuhi nayo ni data nyeti ya mfanyakazi. Ikija, waelezwe kabla: inachukua nini, inakaa wapi, inafutwa lini mtu akiondoka, na aliyechubuka kidole kwa sabuni na spiriti atumie njia gani. Majina ya waliochelewa hayabandikwi ukutani wagonjwa wakayasoma.

Hatua ya 7: Wanaokuja kuomba data

Upande wetu una watafiti wengi, na kazi yao imeokoa watu. Lakini mtu akija na tabasamu na kompyuta ya mgongoni akisema "ni za masomo tu", muulize vitu vitatu: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), idhini ya kamati ya maadili, na barua ya kaunti. Kimoja kikikosekana, mpe chai, usimpe rejista. Akiwa navyo vyote, mpe kile tu idhini inachosema. Ondoa majina, namba za simu, namba za kitambulisho. Angalia pia visa vichache: "mwanamke wa miaka 62, mjane, kutoka kijiji fulani" hahitaji jina, kijiji kizima kinamjua. Kundi lenye watu chini ya watano liunganishe na jingine. Weka daftari la nani alichukua nini, lini, na aliahidi kurudisha nini. Safu ya mwisho hiyo ijaze kwa ukali, maana matokeo hurudi kwa nadra usipoyadai.

Hatua ya 8: Siku mambo yakiharibika

Tableti imeibwa kwenye bodaboda. Barua pepe yenye orodha ya wagonjwa imeenda kwa mtu asiyehusika. Kwanza, aliyegundua amwambie msimamizi saa hiyohiyo, na asigombezwe. Kila saa anayoogopa kusema ni saa unayopoteza. Pili, funga akaunti na uiandike saa. Sheria inakupa saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna wa Data, kama kuna hatari ya kweli kwa wenye data, nao wenyewe waarifiwe kwa maandishi bila kuchelewa. Aliyeajiriwa kukutunzia data, kama kampuni ya mfumo, anatakiwa akuarifu wewe ndani ya saa 48. Hakikisha mkataba unasema hivyo. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Tatu, wahesabu walioguswa: ni watu wangapi, taarifa gani, za tangu lini. Bila akaunti za mtu mmoja mmoja na nakala ya akiba ya jana, hesabu hiyo haiwezekani, nawe utakuwa ukiandika barua ya kukisia.

Nakala ya akiba ijaribiwe. Mara moja kwa mwezi irudishe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Nimeona nakala za miaka miwili, zikitunzwa kwa bidii kila Ijumaa, ambazo zote zilikuwa faili tupu.

Baada ya miezi mitatu

Kutaneni tena, chai iwepo. Mtu mmoja afungue orodha ya akaunti zilizo hai na asome majina kwa sauti. Kila jina la mtu aliyekwisha hama, wekeni alama. Halafu mfungue rejista ya mwezi uliopita, kurasa tano popote, mhesabu masahihisho yenye saini. Kama hakuna hata moja, msifurahi: waulizeni walio zamu ya usiku kaunta buku iko wapi siku hizi.